Makosa Madogo katika Kiswahili cha Kompyuta: Uhakiki kutoka Pwani ya Kusini

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kuhakiki aina ya maandishi ambayo ni nadra kuyaona yakijadiliwa na wanaisimu na wahakiki wetu, nayo ni maandishi ya programu za kompyuta na simu. Twakusudia miongozo ya matumizi, majina ya vitufe, orodha za amri, na ule ujumbe mfupi ambao mashine humpa mtumiaji inapomaliza kazi au inaposhindwa kuimaliza. Huenda msomaji akauliza kama maandishi ya namna hii yastahili jina la uhakiki. Hayana mtunzi anayejulikana, wala hayana dhamira wala wahusika. Jibu letu ni kwamba yana wasomaji. Mvuvi wa Gazi, mwenye duka wa Ukunda, mwalimu wa Msambweni na kijana anayepokea wageni katika hoteli za Diani, wote huyasoma kila siku, na wengine wao hawasomi maandishi mengine yoyote ya Kiswahili tangu walipotoka shuleni. Lugha inayosomwa kwa wingi kiasi hicho haina budi kuchunguzwa.

Wale wanaoyataja maandishi haya aghalabu huyaita makosa yake "madogo": kiambishi kimoja hapa, kihusishi kimoja pale. Nao hudhani kwamba dawa yake ni kupata mtafsiri ajuaye Kiswahili zaidi. Dai la makala hii ni tofauti. Twadai kwamba makosa mengi ya Kiswahili cha kompyuta hayamo katika maneno, bali yamo katika viungo vya sentensi. Kila kipande chaweza kuwa sahihi kikitazamwa peke yake, lakini sentensi nzima ikawa kosa. Kwa hiyo msahihishaji anayepimana nguvu na msamiati, huku akiuacha muundo wa sentensi kama alivyoukuta, hutibu kidonda kisichouma na kukiacha kinachouma.

2. Historia kwa ufupi

Kiswahili hakikuingia katika kompyuta jana. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, uliosaidiwa kutoka Uswidi, na mwaka 2004 ukatoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyopewa jina la Jambo OpenOffice. Kampuni ya Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office katikati ya muongo huohuo. Baadaye zikaja simu zenye skrini pana, na mipangilio yake ikawekwa Kiswahili. Kwa Kenya, hatua iliyowagusa watu wengi zaidi ilikuwa huduma ya kutuma fedha ya M-PESA, iliyoanza mwezi wa Machi 2007. Tangu hapo kusoma ujumbe wa mashine si kazi ya karani peke yake tena. Hata muuza madafu husoma, kwa kuwa fedha zake zimo ndani ya ujumbe huo.

Twahakiki kutoka Kwale kwa sababu maalumu. Pwani hii ya kusini ina Kiswahili chake: Kivumba cha Vanga na Wasini, na Kichifundi cha upande wa Shimoni, Funzi na Msambweni, lahaja ambazo H. E. Lambert alizichunguza na kuzichapisha katika miaka ya 1950. Pamoja nazo kuna Kidigo, ambacho ndicho lugha ya mama ya wengi. Msomaji wa huku basi huijua sarufi ya upatanisho tangu utotoni, kwa njia mbili au tatu kwa pamoja, wala hahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba sentensi imeteguka. Sikio lake ni kipimo kizuri.

3. Saa nane asubuhi

Tuanze na tukio ambalo mwandishi alilishuhudia. Bibi mmoja, mkazi wa kijiji kilicho kati ya Gazi na Msambweni, alikuwa na mjukuu aliyetakiwa kurejeshwa kliniki kuangaliwa. Ujumbe ulifika katika simu yake, kwa Kiswahili, ukimtaka amlete mtoto siku ya Jumatano "saa 8:00 asubuhi". Bibi akamwita kijana wa jirani.

"Hebu nisomee, mwanangu, wanasema saa ngapi?"

"Saa nane, bibi."

"Nane ya mchana?"

Kijana akaitazama tena simu. "Wameandika asubuhi, bibi, lakini saa nane ya asubuhi haipo. Itakuwa wamekosea. Ni mchana."

Bibi akafika saa nane mchana, mtoto mgongoni. Daktari alikwisha ondoka, na bibi akaambiwa arudi juma lijalo. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa imekwenda bure.

Wako watakaomlaumu kijana. Yeye amesoma, naye ajua vyema kwamba saa ya Kiingereza na saa ya Kiswahili zinaachana kwa saa sita. Lau ujumbe ungeandikwa kwa Kiingereza, angeugeuza mara moja na kusema "saa mbili". Alipotea kwa sababu uliandikwa kwa Kiswahili, naye akausoma kwa Kiswahili. Akakutana na neno mbili zisizopatana, "nane" na "asubuhi", akalazimika kuchagua moja ya kuamini. Aliamini tarakimu, kama ambavyo wengi wetu tungefanya.

Je, ni nani aliyekosea? Mtafsiri hakukosea, kwani alipewa neno moja, nalo akalitafsiri kuwa "asubuhi". Mashine nayo haikukosea, kwani tarakimu 8:00 ndiyo inayoonyeshwa na saa yake. Kosa lilizaliwa pale vipande viwili vilipounganishwa, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Huu ndio mfano wa kwanza wa dai letu.

Tatizo hili lina upana zaidi ya saa sita. Kwa desturi ya pwani, siku huanza jua linapotua. Mtu wa Msambweni akisema "usiku wa Ijumaa", mara nyingi amekusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kalenda ya mashine huuita usiku wa Alhamisi. Simu na kompyuta nyingi huchukua namna za kuandika tarehe na saa kutoka katika hazina ya pamoja iitwayo CLDR, inayotunzwa na shirika la Unicode, na humo Kiswahili kina sehemu yake. Hazina hiyo ni kazi njema. Lakini kuyapata maneno "alfajiri", "asubuhi" na "usiku" si sawa na kuipata hesabu ya wakati ambayo maneno hayo hukaa ndani yake. Palipo na haja ya mtu kufika mahali kwa wakati, ujumbe hauna budi kuandikwa "saa mbili asubuhi", kwa maneno, au tarakimu za saa ishirini na nne zitumike peke yake bila ya kuambatishwa neno la Kiswahili. Kuchanganya hesabu ya lugha moja na jina la lugha nyingine ni kumtupia msomaji kazi ya kukisia.

4. Upatanisho na idadi

Mfano wa pili unawahusu zaidi wanasarufi. Mtengenezaji wa programu anapotaka mashine iseme kwamba kitu fulani kimefutwa, haandiki sentensi nyingi. Huandika sentensi moja yenye nafasi tupu, na mashine huijaza nafasi hiyo kwa jina la kitu kinachohusika. Kwa Kiingereza mpango huu haudhuru, kwa sababu kitenzi cha Kiingereza hakijali kama kilichofutwa ni picha au ni mtu. Mtafsiri wa Kiswahili hupewa sentensi hiyohiyo pamoja na pengo lake, naye hana budi kuchagua kiambishi kimoja kabla ya kulijua jina litakaloingia.

Tutazame majina sita ya kawaida katika kazi ya kompyuta. Picha imefutwa. Ujumbe umefutwa. Faili limefutwa. Kitabu kimefutwa. Maandishi yamefutwa. Mtumiaji amefutwa. Viambishi ni sita na pengo ni moja. Mtafsiri aliyebanwa namna hii mara nyingi hukimbilia "ime-", kwa sababu majina mengi ya kigeni huangukia ngeli ya I-ZI. Matokeo yake ni sentensi kama "ujumbe imefutwa", "maandishi imehifadhiwa", na hata "mtumiaji imeondolewa".

Wasomaji wa jarida hili wanakifahamu Kiswahili cha namna hii, wala hakikuanzia katika kompyuta. Ni Kisetla, kile Kiswahili kilichozungumzwa baina ya walowezi na wafanyakazi wao katika mashamba ya Kenya wakati wa ukoloni, ambamo upatanisho uliporomoka na kitu chochote kikawa "iko". Tofauti ni hii: mlowezi aliuacha upatanisho kwa kuwa hakuona haja ya kujifunza, ilhali mtafsiri wa kompyuta huuacha ilhali anaujua, kwa kuwa kalibu aliyopewa haina nafasi yake. Kwa hiyo kumrudi mtafsiri ni kumwonea. Kalibu ndiyo ya kulaumiwa.

Hata hivyo mtafsiri hakukosa njia kabisa. Kiswahili chatuwezesha kuigeuza sentensi ili upatanisho umwangukie mtu asiyebadilika, yaani mtumiaji mwenyewe. Badala ya kusema kwamba kitu kimefutwa, mashine yaweza kusema "umefuta", kisha jina likafuata: umefuta picha, umefuta ujumbe, umefuta faili, umefuta kitabu, umefuta maandishi. Kitenzi hakibadiliki. Lakini tusishangilie mapema, kwani ngeli ya A-WA hudai kiambishi cha mtendwa: twasema "umemfuta mtumiaji", si "umefuta mtumiaji". Panapohusika watu, basi, haina budi kuandikwa sentensi ya pili. Na pale ambapo mashine ndiyo iliyofuta kwa hiari yake, twaweza kusema "kazi ya kufuta imekamilika", kisha jina likatajwa baada ya nukta pacha. Sentensi hizi hazina uzuri wa fasihi, lakini hazina kosa, na mwalimu wa Kinango aweza kumwonyesha mwanafunzi bila ya kuona haya.

Idadi nayo ina mkasa wake. Kiingereza hutanguliza hesabu mbele ya jina; Kiswahili huiweka nyuma. Kwa sababu hiyo pengo la hesabu likiachwa mahali lilipokuwa, mashine husema "3 faili", mpangilio ambao hausemwi na Mdigo, Mvumba wala Mwunguja. Aidha, watengenezaji wengi wa programu za Kiingereza hukwepa shida ya umoja na wingi kwa kutia herufi moja ya wingi ndani ya mabano mwishoni mwa jina. Ujanja huo hauwezi kuhamishwa. Wingi wetu hukaa mwanzoni mwa jina, kisha hukifuata kitenzi na kivumishi. Anayetaka kuuiga itamlazimu aandike "(ma)faili (li/ya)mefutwa", maandishi ambayo hata mwandishi wake hawezi kuyasoma kwa sauti.

Dawa ya ugonjwa huu ipo, nayo ina umri. Zana iitwayo GNU gettext, inayotumika katika programu nyingi huria tangu miaka ya 1990, humruhusu mtafsiri kuandika sentensi mbili kamili, moja ya umoja na moja ya wingi, na kulihamisha pengo la hesabu apendapo. "Faili 1 limefutwa. Mafaili 3 yamefutwa." Basi pale ambapo twaendelea kuona "3 faili imefutwa", tujue kwamba kuna mtu mmoja katika mnyororo wa kazi ambaye hakuitumia nafasi aliyokuwa nayo. Kosa la namna hii halina udhuru.

5. Neno lisilo na muktadha

Kiungo cha tatu kinachokatika ni kile kinacholiunganisha neno na kazi yake. Mtafsiri wa programu mara nyingi hapewi ukurasa wala picha ya skrini. Hupewa orodha ndefu ya maneno moja moja. Kiingereza nacho kina maneno mengi ambayo ni jina na kitenzi kwa pamoja. Neno lake la "kitabu" ndilo pia neno la kuagiza chumba cha hoteli. Mtafsiri akilikuta peke yake katika orodha, atajuaje kama linatoka katika programu ya maktaba au ya hoteli ya Diani? Neno lake la "fungua" ndilo pia la kusema kwamba duka liko wazi. Mtu anayetaka kujua kama duka liko wazi, akisoma "Fungua" ataona kama anaamrishwa.

Mfano unaoudhi zaidi ni wa neno "shiriki". Katika programu nyingi kitufe cha kumpelekea mwenzio picha au habari kimeandikwa "Shiriki". Kushiriki ni kuwa mmoja wa wanaofanya jambo: mtu hushiriki ngoma, hushiriki mazishi, hushiriki mkutano. Mtu hashiriki picha, labda awe amepigwa ndani yake. Hata kauli ya kutendesha, "shirikisha", haitoshi, kwa kuwa anayeshirikishwa ni mtu, wala si picha. Palikuwa na neno "tuma", na palikuwa na "sambaza", ambalo Wakenya walikwisha kulizoea katika simu zao kwa maana ya kumgawia mwenzio muda wa maongezi. Neno lilikuwa mdomoni mwa watu, lakini mtafsiri akalitafuta kamusini.

6. Mabishano ya istilahi na nguvu ya mazoea

Twaona aibu kidogo kusema kwamba wino mwingi wa wataalamu umemwagwa mahali pengine. Tumebishana iwapo chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tumebishana juu ya nywila na nenosiri, juu ya kabrasha na folda, juu ya rununu na simu ya mkononi. Mabishano haya yana faida yake, na hatusemi yakomeshwe. Lakini hakuna mtu aliyepotelewa na fedha wala kukosa daktari kwa sababu kitufe kiliandikwa "nywila" badala ya "nenosiri". Neno geni hufundishika kwa siku moja. Sentensi iliyovunjika haifundishiki, kwani haina maana ya kufundishwa.

Hapa yafaa tuyatazame pia maneno yaliyofaulu. Mwaka 2019 huduma ya kukopeshwa pale fedha za M-PESA zinapopungua ilipewa jina la Fuliza. Kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila ya kusita, na jina hilo linaeleza vyema kazi ya huduma, ya kumwezesha mtu kuendelea na malipo yake bila kukwama. Okoa Jahazi, jina la mkopo wa muda wa maongezi, limechotwa katika nahau ambayo mtu wa Shimoni hahitaji kuelezwa. Majina haya yalichaguliwa na watu waliokuwa wakiisikia lugha nzima nzima, si vipande vyake.

Kinyume chake ni Lipa na M-PESA, jina la huduma ya malipo iliyoanzishwa mwaka 2013, ambalo sasa limepakwa rangi katika kuta za maduka kutoka Likoni hadi Lunga Lunga. Mwanasarufi atasema kwamba kifaa cha kutendea hufuata "kwa": tunakata kwa kisu, tunalipa kwa fedha taslimu. "Na" ni ya mwenzi wa safari, au ya mtenda katika kauli ya kutendwa. Kwa sarufi, basi, jina hilo lingekuwa "Lipa kwa M-PESA". Mwanasarufi huyo amesema kweli. Lakini hatumshauri achukue brashi na kwenda kuzifuta kuta za Ukunda. Kosa hili halimzuii mtu yeyote kufahamu, na limekwisha kuwa jina. Wajibu wetu ni kulieleza darasani, tukilifanya somo la vihusishi. Hapa ndipo twaona kwamba uhakiki una haja ya mizani: kuna kosa linalokwaza na kuna kosa linalochusha tu, na kuyapiga yote kwa fimbo moja ni kukosa busara.

7. Masahihisho yanayoharibu

Kusahihisha ni kazi yenye hatari zake, na msahihishaji mwenye bidii aweza kudhuru kuliko mtafsiri mzembe. Tutaje hatari tatu.

Ya kwanza ni kusahihisha mahali pamoja. Jina "faili" huwekwa na kamusi katika ngeli ya LI-YA, lakini wako wengi wanaolitumia katika I-ZI. Msahihishaji akilikuta "faili hii" katika ukurasa wa kumi, akaligeuza kuwa "faili hili", huku kurasa nyingine arubaini zikibaki na "faili hii", ameongeza kosa ambalo halikuwapo, nalo ni mgongano. Katika miongozo ya kazi, uthabiti ni sehemu ya usahihi. Heri ngeli moja kote, hata kama si ile tuipendayo, kuliko ngeli mbili zinazopigana.

Ya pili ni kuupatia mwongozo na kuikosa skrini. Mwongozo husema: bonyeza kitufe cha "Hifadhi". Msahihishaji aonaye kwamba "Weka" ni rahisi zaidi akalibadilisha neno katika mwongozo, hali kitufe chenyewe kimebaki "Hifadhi", msomaji atakitafuta kitufe kisichokuwapo. Sahihisho lake ni zuri kwa lugha na ni uongo kwa matumizi. Katika aina hii ya maandishi neno lina bwana wawili, sarufi na kitufe, na haifai kumtii mmoja bila ya kumshauri mwingine.

Ya tatu ni kutafsiri kisichotafsiriwa. Mapengo tuliyoyataja huandikwa kwa alama au kwa neno lililofungwa ndani ya mabano maalumu, na neno hilo huwa la Kiingereza. Mtu asiyejua huliona kama tafsiri iliyosahauliwa, akaliweka kwa Kiswahili. Mashine ikilitafuta jina lililotakiwa hailioni tena, na ujumbe hutoka na pengo mbichi, au programu hukwama kabisa. Msahihishaji wa lugha yampasa ajue kiasi fulani cha ufundi, kama vile mhariri wa mashairi yampasavyo kujua mizani.

8. Nani msahihishaji?

Limebaki swali la mamlaka. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiswahili Sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikausimamia uamuzi huo. Programu za kompyuta zimeufuata, nasi hatuna nia ya kuupinga. Hata hivyo mtoto wa Msambweni ambaye nyumbani hutamka "chi-" palipo "ki-" katika Kiswahili Sanifu, kama Wachifundi na Wadigo watamkavyo, akiandika kwa kompyuta yenye kikagua tahajia, neno lake hupigwa mstari mwekundu. Mashine haisemi kwamba hiyo ni lahaja. Husema kwamba ni kosa. Wakati huohuo mashine hiyohiyo humwandikia mtoto huyo "ujumbe imetumwa" bila ya kujipigia mstari wowote. Upatanisho ambao mtoto ameurithi kwa ukamilifu kutoka kwa bibi yake umevunjwa na chombo kinachomsahihisha.

Ni jambo hili linalotufanya tukatae kuyaita makosa haya madogo. Kila lugha ina makosa ya wasemaji wake, na wasemaji husahihishana. Kosa la mashine halisahihishwi barazani. Hurudiwa kwa maneno yaleyale kwa kila mtu, mchana na usiku, tena kwa sauti ya chombo kinachoaminiwa katika hesabu ya fedha. Mtoto akiona kwamba chombo kisichokosea hesabu kinasema "mtumiaji imeondolewa", atamwamini nani, chombo au mwalimu?

Kwa hiyo msahihishaji bora hatakuwa mtaalamu wa istilahi peke yake, wala fundi wa kompyuta peke yake. Atakuwa mtu mwenye sikio la upatanisho, awe wa Vanga, wa Makunduchi au wa Lamu, anayeonyeshwa sentensi ikiwa nzima, imekwisha kujazwa mapengo yake, kabla haijafika kwa umma. Programu huria zimekwisha kuufungua mlango huu, kwa kuwa mtu yeyote aweza kuleta sahihisho lake pamoja na hoja. Programu za makampuni zina mlango mwembamba zaidi, lakini nazo hupokea maoni. Kinachokosekana ni watu wa kuuingia mlango huo kwa utaratibu.

9. Hitimisho

Katika makala hii tumeonyesha kwamba makosa ya Kiswahili cha kompyuta huzaliwa zaidi katika viungo: baina ya tarakimu na jina la wakati, baina ya pengo na kiambishi, baina ya hesabu na jina, baina ya neno na kitufe chake. Tumeonyesha pia kwamba yako makosa ambayo ni busara kuyaacha, na yako masahihisho ambayo ni bora yasifanywe.

Twapendekeza mambo mawili kwa idara zetu. Kwanza, ujumbe wa mashine uingizwe katika mafunzo ya sarufi. Mwanafunzi apewe sentensi zenye mapengo, azijaze kwa jina la kila ngeli, aone zinavunjika wapi, kisha azitunge upya zisivunjike. Hakuna zoezi la upatanisho lililo hai kuliko hilo. Pili, kila sahihisho linalopelekwa kwa watengenezaji liandamane na sababu yake, kwa lugha ambayo fundi asiyejua Kiswahili ataifahamu. Fundi akiambiwa tu kwamba ni kosa, atalibadilisha neno. Akielezwa ni kwa nini, huenda akaibadilisha kalibu.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Watu wa Kwale wanaufahamu ugonjwa wa matende, wala hawautumii msemo huo kwa mzaha. Yule bibi wa kijiji cha karibu na Gazi alirudi kliniki Jumatano iliyofuata. Ujumbe wa pili nao ulisema saa 8:00 asubuhi. Safari hii hakumwita kijana. Aliondoka nyumbani alfajiri, akakaa nje ya mlango na mjukuu wake hadi ulipofunguliwa.